Vidole vya miguu hufa ganzi nikiendesha baiskeli kwa zaidi ya saa moja: kosa liko kwenye kiatu, kwenye pedali au mwilini?

#1 SafariNdefu

Wakuu, heshima kwenu.

Nina miezi minane tangu nianze kuendesha baiskeli safari za kilomita 60 hadi 100, na kuna jambo moja linaloninyima raha. Dakika 40 za mwanzo huwa sina tatizo lolote. Baada ya hapo kidole cha tatu na cha nne vya mguu wa kushoto huanza kuchomachoma kama vinadungwa sindano, kisha hupoa, mwishowe sivisikii kabisa. Ikifika saa ya pili ganzi huwa imetambaa hadi kidole gumba, na mguu wa kulia nao umeanza, ingawa huo haufikii hali ya mwenzake. Nikishuka na kutembea dakika tano, hisia hurudi pamoja na maumivu ya kuwaka moto.

Natumia pedali za kunasa, zile zinazoshika soli ya kiatu, na viatu vya soli ngumu. Aliyeniuzia alinishauri nichukue saizi inayobana kidogo ili mguu usicheze ndani. Ganzi ilipozidi nilinunua jozi nyingine iliyozidi ya kwanza kwa saizi moja, nikapata nafuu ya wiki mbili tu. Ndiyo maana naanza kuamini kwamba ganzi hii haina uhusiano na viatu, kinyume na wanavyosema wengi. Naomba wenye uzoefu wanieleze wao waliipatia dawa wapi.

#2 FundiSpoku

Karibu, SafariNdefu. Nakupinga kwa heshima, kwa sababu ulichobadilisha ni urefu wa kiatu, na huenda shida yako ni upana. Kiatu kilichoongezwa saizi moja huongezeka sana mbele ya vidole, mahali ambapo hukuhitaji nafasi, ilhali pale wayo unapopanuka, nyuma kidogo ya vidole, huongezeka kiasi kidogo mno.

Fanya jaribio hili leo jioni, si asubuhi, kwa kuwa miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Chomoa soli ya ndani ya kiatu, iweke sakafuni, uikanyage bila soksi na usimame wima kwa miguu yote miwili. Mtu mwingine akutazamie, maana ukiinama mwenyewe uzito unahama. Kama nyama ya mguu inamwagika nje ya ukingo wa soli upande wa kidole kidogo, basi ndani ya kiatu nyama hiyo haina pa kwenda ila kujikunja juu ya neva.

#3 KanyagaTwende

Kabla ya kununua chochote, legeza mikanda. Mimi niliteseka mwaka mzima nikijua kiatu ni kidogo, kumbe nilikuwa nakaza mkanda wa mbele kabla ya kuondoka nyumbani, miguu ikiwa bado haijapata joto. Baada ya saa moja mguu umevimba, mkanda uko palepale. Siku moja nilivua kiatu njiani nikaona alama ya mkanda imechimbika kwenye mgongo wa mguu, nyekundu, na ukiifuata kwa kidole inaelekea moja kwa moja kwenye vidole vilivyokufa ganzi.

Siku hizi mkanda wa mbele naufunga kwa kuugusisha tu, kazi ya kushika mguu naiacha kwa ule wa juu ulio karibu na kifundo, na kila nusu saa nainua vidole ndani ya kiatu na kuvichezesha. Nikishindwa kuvichezesha najua nimekaza mno.

#4 SafariNdefu

Nimefanya jaribio la FundiSpoku, na mke wangu ndiye aliyetazama. Mguu wa kulia unatosha juu ya soli. Wa kushoto umetoka nje kwa upana wa kalamu, kuanzia chini ya kidole kidogo kurudi nyuma kama sentimita nne. Tulipopima urefu kwa kuchora miguu kwenye karatasi, wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa milimita 5. Miaka yote hii sikujua kwamba miguu yangu hailingani. Kwa hiyo nakubali kwamba viatu vinahusika.

Lakini KanyagaTwende, mikanda yangu huwa siikazi, na ganzi bado inakuja.

#5 MzeePedaliBapa

Vijana, ninyi wenyewe mnajifunga kwenye baiskeli halafu mnashangaa damu haitembei. Nimeendesha kwa miaka 30 kwa pedali bapa na viatu vya kawaida, mguu wangu unasogea mbele, unarudi nyuma, unakanyaga kwa kisigino nikitaka, wala sijawahi kufa ganzi. Hizo pedali za kunasa zilikuja mwaka 1990 na tangu hapo nasikia malalamiko haya kila msimu. Rudi kwenye pedali bapa na tatizo litakwisha.

#6 MnyororoMkavu

Shikamoo Mzee. Hoja yako ya mguu kusogea ina uzito, ila naomba kurekebisha tarehe. Mwaka 1990 ndipo Shimano walipoleta pedali zao ndogo za SPD kwa ajili ya baiskeli za milimani. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilikuwa imetangulia kwa kutumia maarifa ya vifungo vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, na Bernard Hinault alishinda Tour de France ya mwaka 1985 akiwa na pedali zao. Kabla ya hapo waendeshaji walijifunga kwa vizimba vya chuma na mikanda ya ngozi iliyokazwa kwa mkono juu ya kiatu, na kama kuna kitu kilichokuwa kikiwabana miguu, ni mikanda ile. Kwa hiyo tatizo hili ni la zamani kuliko pedali za kunasa.

Tena pedali bapa nazo zina ganzi yake. Ukikanyaga pedali nyembamba kwa kiatu cha soli laini, soli inajipinda, na unabaki unasukuma chuma kwa sehemu ndogo ya wayo. Mpwa wangu alipata ganzi kwa viatu vya kukimbilia juu ya pedali bapa, akapona alipopata pedali pana zaidi.

#7 MzeePedaliBapa

Marahaba. Tarehe nimeipokea, asante. Ila suala la mguu kusogea sijalirudisha nyuma.

#8 MuuguziWaZamu

Naona tunazungumzia ganzi kana kwamba ni moja, na kwa mtazamo wangu hapo ndipo tunapopotezana. Swali la kwanza liwe: ganzi inaanzia wapi hasa?

Mguu mmoja una mifupa 26. Mitano kati yake ni mirefu na imelala sambamba katikati ya wayo, ikiishia kwa vichwa vya mviringo nyuma ya vidole. Katikati ya vichwa hivyo hupita neva nyembamba zinazopeleka hisia kwenye pande mbili za vidole vinavyopakana. Chochote kinachobana vichwa hivyo kutoka pembeni, kama kiatu chembamba, au kutoka chini, kama pedali ndogo, kinaweza kuiminya neva. SafariNdefu ametaja kidole cha tatu na cha nne. Nafasi iliyo kati ya vidole hivyo ndiyo inayojulikana zaidi kwa tatizo liitwalo neuroma ya Morton, ambapo tishu zinazoizunguka neva hunenepa kwa kuminywa mara kwa mara. Jina hilo huwatisha watu wakidhani ni uvimbe wa saratani. Sivyo.

Dalili moja ya kuangalia ni hii: shika wayo kwa mkono mmoja, uuminye kutoka pembeni kama anayekamua limau, na kwa kidole gumba cha mkono mwingine bonyeza kati ya kidole cha tatu na cha nne kutoka chini. Ukisikia kitu kinateguka ndani na maumivu yanaruka hadi vidoleni, mwone daktari akuchunguze vizuri.

Tofautisha na mtu ambaye miguu yote miwili imekufa ganzi kwa ulinganifu, kama aliyevaa soksi, na hali hiyo anayo hata akiwa kitandani. Huyo asihangaike na pedali. Aende akapime sukari, na aulizie pia vitamini B12, kwa sababu kisukari na upungufu wa vitamini hiyo huharibu neva zikianzia miguuni.

#9 KitabuWazi

Maelezo ya MuuguziWaZamu yamenifaa sana. Nyongeza ndogo ya historia: Thomas Morton wa Philadelphia aliandika habari za maumivu hayo mwaka 1876, lakini Lewis Durlacher, mtaalamu wa miguu wa Uingereza, alikuwa ameyaeleza tangu mwaka 1845. Jina likamwendea aliyechelewa.

#10 GiaNyepesi

Mbona hakuna anayemuuliza SafariNdefu anazungusha pedali mara ngapi kwa dakika? Watu wengi wanaotoka kwenye baiskeli za kawaida huchagua gia nzito na kuisukuma polepole, mizunguko 55 au 60 kwa dakika. Kwa nguvu ileile ya mwendo, anayezungusha mara 60 anakandamiza kila pedali kwa uzito unaozidi kwa nusu wa yule anayezungusha mara 90. Hesabu hiyo inaishia kwenye vichwa vya mifupa alivyovitaja MuuguziWaZamu. Isitoshe, pedali inapozunguka kwa wepesi, mguu unaopanda unapata nafasi ya kupumua, lakini kwenye gia nzito mtu hukaa anasukuma tu, na ule unaopanda nao unabaki umelemea.

Nilihama kutoka 60 hadi 85 kwa muda wa miezi miwili. Ganzi iliyokuwa ikija kwenye kilomita ya 30 ikasogea hadi ya 70, na viatu vilikuwa vilevile.

#11 BintiMlima

GiaNyepesi, nakuheshimu, ila mimi huzungusha mara 95 na bado miguu ilikuwa inakufa ganzi. Kwangu kosa lilikuwa kwenye kiti. Kilikuwa juu mno, kwa hiyo kila pedali iliposhuka chini nililazimika kuchongoa vidole kama mcheza dansi ili niifikie. Ukichongoa vidole, uzito wote unahamia mbele ya wayo na kisigino hakibebi kitu. Kitu kingine, nyonga zilikuwa zinayumba kulia na kushoto juu ya kiti, na ganzi nyingine ilikuwa ikitokea huko juu, sehemu za kukalia, ikishuka kwa nyuma ya paja.

Namna rahisi ya kukagua: kaa kwenye baiskeli ukiegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali, shusha pedali hadi chini kabisa. Goti linapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha mguu mahali pake pa kawaida, goti litabaki limekunjwa kidogo. Mimi niliteremsha kiti kwa milimita 12. Siku tatu za mwanzo nilijiona nimekaa kwenye kigoda, kisha nikazoea, na kuchongoa vidole kukaisha.

#12 FundiSpoku

BintiMlima amesema kweli, na hapo panaungana na jambo nililotaka kulileta, nalo ni kliti, yaani kile kipande kinachofungwa chini ya soli ili kinase kwenye pedali. Wengi huifunga mbele mno, chini kabisa ya mizizi ya vidole, kwa kuamini kwamba ndipo penye nguvu. Ukiirudisha nyuma, mhimili wa pedali unahamia nyuma ya vile vichwa vya mifupa, mzigo unapokelewa na sehemu iliyo imara zaidi ya wayo, na misuli ya nyuma ya mguu inapumzika.

SafariNdefu, kabla hujalegeza skrubu, chora mstari wa kalamu kuizunguka kliti ili ujue ulikotoka. Irudishe nyuma kwa milimita 3 kwanza, uendeshe safari mbili, ndipo uongeze. Ukifikia 5 au zaidi, shusha kiti kidogo, milimita moja au mbili, kwa kuwa mguu wako sasa umekuwa mfupi kwa pedali. Usiguse pembe ya kliti kwa siku hiyohiyo, kwani ukibadilisha mambo mawili pamoja hutajua lipi limekusaidia, na goti likianza kuuma hutajua umlaumu nani.

#13 KanyagaTwende

Nawauliza wote wanaosifu soli ngumu: je, haiwezekani soli yenyewe ndiyo inayoleta ganzi? Soli za nyuzi za kaboni hazijipindi kabisa. Kama uvungu wa unyayo wako ni wa juu na soli ya ndani ni kipande chembamba kilicho bapa, basi umesimama kwa kisigino na kwa vichwa vya mifupa tu, katikati pamening'inia hewani. Niliweka soli za ndani zenye mwinuko unaoufuata uvungu, nikaona tofauti siku ya kwanza.

#14 MuuguziWaZamu

Inawezekana, na kuna kidude kingine kinachofanana na hicho: kimto kidogo chenye umbo la chozi kinachobandikwa kwenye soli ya ndani. Kosa linalofanywa ni kukibandika chini ya mahali panapouma. Kinapaswa kukaa nyuma kidogo ya vichwa vya mifupa, ili kiviinue na kuvitawanya, neva ipate nafasi. Kikikaa sentimita moja mbele ya hapo, kinazidisha mateso.

Ila nitahadharishe kwamba chochote unachoongeza ndani ya kiatu kinakula nafasi ya kiatu. Mwenye kiatu chembamba akiongeza soli nene, amejibana upya kutoka juu. Vivyo hivyo kwa soksi nene.

#15 AsubuhiYaBaridi

Kuhusu soksi, nashukuru umezitaja. Ganzi yangu huja kwenye baridi tu. Nilivaa soksi mbili mbili, ikawa mbaya zaidi, nami sikuelewa kwa nini hadi niliposoma hapa. Vidole vyangu kwanza huwa vyeupe kama karatasi, kisha vya buluu, na vikipata joto huwa vyekundu na kuuma.

#16 MuuguziWaZamu

AsubuhiYaBaridi, mpangilio huo wa rangi, nyeupe, buluu kisha nyekundu, unafanana na hali inayoitwa Raynaud, kwa jina la daktari wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1862. Mishipa midogo ya damu hujifunga kupita kiasi mbele ya baridi. Mweleze daktari wako. Kwa sasa vaa soksi moja ya sufu ndani ya kiatu chenye nafasi, na kifuniko cha kuzuia upepo juu ya kiatu, si ndani yake.

#17 TaaYaNyuma

Samahani kuingilia kati, mimi ganzi yangu ni ya vidole viwili vya mwisho vya mkono. Dawa ni hizihizi?

#18 FundiSpoku

TaaYaNyuma, hiyo ni neva nyingine, inayobanwa kwenye kiganja kwa kuegemea usukani. Fungua uzi wake tukujibu vizuri, hapa tubaki na miguu.

#19 SafariNdefu

Narudi na taarifa baada ya wiki tatu. Nimerudisha kliti nyuma milimita 3, kisha 6 kwa jumla, na kushusha kiti milimita 2. Nimejitahidi kuzungusha mara 80 hadi 85, na kila dakika 20 nasimama juu ya pedali kwa muda mfupi. Nimepata viatu vya upana mkubwa zaidi kwa urefu wangu wa zamani, nilivyovipima jioni nikiwa nimevaa soksi ninazoendeshea.

Mguu wa kulia umepona kabisa. Safari ya mwisho ilikuwa ya kilomita 92 na sikuukumbuka hata mara moja. Wa kushoto umeboreka: ganzi inakuja baada ya saa mbili na robo badala ya dakika 40, na inabaki kwenye vidole viwili bila kufika gumba. Niliminya wayo kama alivyoelekeza MuuguziWaZamu, hakuna kilichoteguka. Hata hivyo kuna jambo jipya nililoligundua kwa kuwa sasa natazama kwa makini: ganzi hiyo huja nikipanda mlima kwa nguvu zote, na paja la kushoto nalo linalegea wakati huohuo.

#20 MnyororoMkavu

Hapo kwenye paja ningesimama. Waendeshaji wa mashindano wana ugonjwa wa mshipa mkubwa wa damu unaopita kwenye kinena. Kwa kuinama na kukunja nyonga mara maelfu, ukuta wa mshipa hunenepa, na damu inayotosha mtu anapokwenda taratibu haitoshi anapojikaza. Dalili zake ni paja kuishiwa nguvu, wakati mwingine na ganzi ya mguu, aghalabu upande mmoja, na huondoka baada ya kupumzika dakika chache. Fabio Aru wa Italia na Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa wote walifanyiwa upasuaji wa mshipa huo mwaka 2019. Ferrand-Prévot alirudi hadi kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 kwenye baiskeli za milimani.

#21 GiaNyepesi

Tusimtishe mwenzetu. Hao ni watu wa maelfu ya kilomita kila mwaka kwa miaka mingi, naye ana miezi minane. Mlimani kila mtu hushuka mizunguko, anasukuma kwa uzito, na mguu wake wa kushoto ndio mrefu na mpana. Mimi bado nasema ni gia. Aweke nyuma gurudumu la meno mengi zaidi apande nalo.

#22 BintiMlima

Nami nasema mlimani watu husogea mbele kwenye kiti na kuchongoa vidole bila kujijua. Ajirekodi video kutoka upande wa kushoto akiwa anapanda, aangalie kisigino chake.

#23 MuuguziWaZamu

Video ni wazo zuri na gia nyepesi haina madhara. Lakini mguu unaolegea si sawa na vidole vinavyochomachoma, na miezi minane haimkingi mtu na tatizo la mgongo wa chini, ambalo nalo huweza kuleta ganzi na udhaifu wa upande mmoja. SafariNdefu, nenda kamweleze daktari maneno hayohayo uliyotuandikia, hasa kwamba hutokea kwa juhudi kubwa tu na huisha ukipumzika. Mwombe apime shinikizo la damu la kifundo cha mguu mara baada ya kujikaza, si ukiwa umelala umetulia tu.

#24 SafariNdefu

Nimekubali yote mawili. Gia naibadilisha wiki hii na video nitaichukua kabla ya kuibadilisha ili tulinganishe, na miadi ya daktari nimeshaiweka.

#25 MzeePedaliBapa

Ukimaliza hayo, funga pedali bapa pana, upande nazo mlima huo mmoja tu, halafu utuambie vidole vya kushoto vimesemaje.

#26 SafariNdefu

Nitafanya hivyo, Mzee. Jozi ya kuazima ninayo.